Mkichapisha habari za droni za kujiundia, chapisheni na vipimo vyake

Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti hupenda kuonyesha picha ya kijana aliyeshika droni aliyoiunda kwa fito za mbao, mabomba au vifuniko vya plastiki. Tunafurahi kila tunapoiona picha kama hiyo. Kinachotusikitisha ni kwamba habari yenyewe huishia kwenye pongezi. Msomaji anayetamani kuunda ya kwake haambiwi mkono wa fremu unaobeba mota una urefu gani, mbao ina unene gani, wala mota imefungwaje. Hubaki kukisia, droni yake hutetema, huanguka mapema, kisha lawama zote hutupiwa vifaa alivyotumia. Tunaomba nafasi tuandike vipimo vya fremu moja ya mbao inayoruka vizuri, pamoja na sababu zake, na tunawaomba waandishi wenu wawaulize waundaji namba hizohizo kabla ya kuchapisha picha zao.

Tunazungumzia droni ya mota nne yenye umbo la X. Kutoka kitovu cha mota moja hadi kitovu cha mota inayoikabili kwa mshazari ni milimita 450. Ukubwa huo unabeba propela za inchi 10, yaani milimita 254. Gawanya 450 kwa 1.414 utapata milimita 318, ambao ndio umbali kati ya mota mbili zinazopakana. Toa 254, na kati ya ncha za propela hubaki nafasi ya milimita 64. Anayepunguza mshazari hadi 380 ili fremu ionekane ndogo hubakiwa na milimita 15 tu, na mkono ukilegea kidogo propela zitagongana angani.

Mota zinazofaa ni zile zenye namba 2212 (sehemu yenye koili ina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12), za KV 900 hadi 1000 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja), kwa betri ya lithiamu polima ya seli tatu, volti 11.1, mAh 2200. Kila mota ikisukumwa hadi mwisho huinua gramu 700 hadi 800. Sasa pima uzito. Mota nne ni kama gramu 220, vidhibiti kasi vinne kama 100, propela 40, betri 190, na bodi ya kuongozea pamoja na kipokezi na nyaya kama 120. Fremu yenyewe, kwa vipimo tunavyovitoa hapa, haizidi gramu 190. Jumla ni kama gramu 860, kwa hiyo kila mota inabeba gramu 215 droni ikisimama hewani, chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Kanuni ni kwamba mota zote pamoja ziweze kuinua angalau mara mbili ya uzito wote. Hapa tumeizidi, na ziada hiyo ndiyo inayomsaidia mrushaji upepo unapovuma.

Kuhusu kitu cha kuundia mikono ya fremu, watu wengi hukimbilia bomba la maji la PVC kwa sababu ni rahisi kulikata na kulitoboa. Tazameni hesabu. Bomba lenye kipenyo cha nje milimita 20 na cha ndani milimita 16 lina uzito wa kama gramu 1.6 kwa kila sentimita. Ufito wa mbao laini iliyonyooka, milimita 12 kwa 12, una kama gramu 0.7. Ukakamavu wao, yaani uwezo wa kukataa kunepa, unakaribiana, na ufito umezidi kidogo. Yaani anayetumia bomba anabeba uzito zaidi ya maradufu bila kupata faida yoyote, na juu ya hayo plastiki hiyo hulainika juani. Bomba la mraba la alumini, milimita 10 kwa 10 lenye ukuta wa milimita 1, ni kakamavu mara mbili ya ufito wetu kwa gramu 1 hivi kwa sentimita, na hilo tunalikubali. Lakini alumini ikigonga chini hupinda na kubaki imepinda, mara nyingi kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na tena hupitisha mtetemo wote wa mota hadi katikati. Mbao huumeza sehemu ya mtetemo huo, haizuii mawimbi ya redio, na ikivunjika unajua imevunjika. Anayedhani mbao ni kifaa cha mchezo akumbuke kwamba ndege ya Uingereza ya de Havilland Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, ilijengwa kwa plaiwudi na mbao nyepesi za balsa, na ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa za Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Lakini si kila mbao. Tafuta ufito kwenye chaga za kitanda kilichovunjika, kasha la mizigo au fremu ya picha, kisha uukague kabla ya kuupima. Tazama mistari ya nyuzi upande wa ubavu: ikianzia ukingo mmoja na kutokea ukingo wa pili ndani ya urefu wa mkono, uache, kwa kuwa utapasuka kufuata mstari huo. Kifundo chochote, hata kidogo kama punje ya dengu, kinatosha kuukataa ikiwa kimeangukia nusu ya ndani ya mkono. Mpini wa ufagio huvutia kwa sababu uko tayari, ila ni mzito, ni wa mviringo, na mota haikai sawa juu ya mviringo. Kata mikono minne kutoka ufito mmoja ikiwezekana, kila mmoja milimita 225, na uipime kwenye mizani ya jikoni. Itatoka kama gramu 16 kila mmoja. Wenye tofauti ya zaidi ya gramu 2 na wenzake ubadilishe.

Sahani za katikati, zinazobana mikono kati yake, ni mbili, za plaiwudi ya milimita 3, mviringo wa kipenyo cha milimita 140. Hapa kuna mtego: ubao wa nyuma wa kabati kuukuu mara nyingi si plaiwudi, ni ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ni mzito na huvimba ukipata maji. Plaiwudi utaitambua kwa matabaka yake ukiitazama ukingoni. Ubao mwembamba wa plastiki wa kukatia mboga unaweza kutumika kwa sahani ya juu inayobeba vitu vyepesi, ila kwa sahani ya chini unanepa mno. Diski za CD tunawasihi watu waziache. Zikivunjika hutoa vipande vikali, na zinavunjika kweli.

Chora kiolezo kwenye karatasi ngumu: mviringo, mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba, na kila mkono ukianzia milimita 20 kutoka kitovu. Nafasi hiyo ya katikati iachwe kwa ajili ya nyaya. Bana sahani zote mbili pamoja na uzitoboe kwa mkupuo mmoja; ukizitoboa moja moja matundu hayatalingana, na mikono itakaa mshazari hata ukijitahidi vipi. Kila mkono unashikwa na bolti mbili za M3 (unene wa milimita 3) zenye urefu wa milimita 25, kwa sababu plaiwudi mbili na ufito ni milimita 18, na washa na nati zinahitaji nyingine kama 5. Ya ndani iwe milimita 30 kutoka kitovu, ya nje milimita 58, ili ibaki milimita 12 ndani ya ukingo wa sahani.

Tunasisitiza M3, kamwe si M4. Tundu la milimita 4 kwenye ufito wa milimita 12 linaondoa theluthi moja ya upana wake, na hapo kwenye bolti ya nje ndipo mkono unapobeba mzigo mkubwa kuliko pengine popote. Mikono mingi iliyovunjika tunayoiona imevunjikia hapo. Weka washa pana juu na chini ili nati isizame kwenye mbao, na tumia nati zenye pete ya plastiki ndani, zisilegezwe na mtetemo. Wapo wanaopenda kuikata mikono kwa mwanya wa nusu kwa nusu na kuipachika kama msalaba wa fito mbili ndefu. Sura yake ni nzuri. Ila ufito uliopunguzwa kimo hadi nusu hubaki na robo tu ya nguvu zake mahali hapo, na mkono mmoja ukivunjika unabomoa fremu nzima. Mikono minne inayojitegemea hubadilishwa kwa kufungua bolti mbili. Kwenye tundu la ndani unaweza hata kuweka bolti ya nailoni: droni ikigonga, bolti hiyo ndiyo inayokatika na mkono unakunjika badala ya kuvunjika.

Kabla ya kufunga, zungushia uzi wa kushonea kwenye ncha zote za mikono, sentimita moja hivi, na uuloweshe kwa gundi ya mbao. Uzi huo hauna uzito wa maana na unazuia ncha kupasuka. Kisha paka vanishi mara mbili, nyembamba. Fremu isiyopakwa huvuta unyevu, na ufito ukivuta unyevu hujipinda.

Sasa mota. Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mota nyingi za aina hii huja na kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Kifunge kwanza chini ya mota kwa skrubu fupi zilizokuja nazo, wala usizibadilishe kwa ndefu. Skrubu ikiingia ndani kupita unene wa kitako cha mota hugusa waya wa koili, hukwaruza vanishi ya waya huo, na mota huungua pamoja na kidhibiti kasi chake, wakati mwingine baada ya dakika kadhaa za kuruka salama, kiasi kwamba fundi hutafuta kosa mahali pengine kabisa. Ukimaliza kufunga, zungusha mota kwa kidole: ikikwaruza, fungua.

Gundisha kipande cha plaiwudi cha milimita 40 kwa 40 juu ya mkono, kitovu chake kikiwa milimita 225 kutoka kitovu cha fremu, na ukitoboe katikati tundu la milimita 10 ili mwisho wa ekseli ya mota usiguse mbao. Weka msalaba juu yake ukiwa na miguu miwili sambamba na mkono. Miguu hiyo miwili ipitishwe bolti za M3 za milimita 25 hadi chini ya mkono. Miwili ya pembeni hushikwa na bolti fupi kwenye kipande cha plaiwudi peke yake. Tumia gundi ya mbao au epoksi. Supaglu hukauka ikawa kama kioo, na mtetemo huipasua. Gundi ya kuyeyusha kwa moto hulegea juani na karibu na mota yenye joto, hivyo isiwe mahali popote panapobeba mzigo.

Ukishafunga zote nne, pima umbali wa mota zinazopakana: pande zote nne ziwe milimita 318, na mishazari yote miwili 450, tofauti isizidi milimita 2. Baadaye geuza fremu juu chini kabla ya kufunga propela na uilaze kwenye kioo cha meza. Vichwa vya mota vyote vinne viguse kioo kwa pamoja. Ikiyumba, kuna mota iliyoinuka au kuinama. Ingiza kipande cha karatasi ngumu chini ya mguu wa msalaba wake hadi itulie. Mota iliyoinama kwa upande nyuzi 3 hupeleka asilimia 5 ya nguvu yake pembeni, ambayo kwa gramu 215 ni kama gramu 11, na kazi ya hizo gramu 11 ni kuizungusha droni kama pia ya kuchezea muda wote. Bodi ya kuongozea itapambana kwa kuzikimbiza mota mbili za mshazari mmoja na kuzipunguza zile nyingine. Dalili yake ni rahisi: ruka dakika mbili, tua, chomoa betri, gusa mota. Mbili zinazokabiliana zikiwa na moto kuliko wenzao, rudi kwenye kioo.

Pima pia nguvu. Shikilia sahani ukingoni mwa meza, ning'iniza chupa ya maji ya lita 2 mahali pa mota, na upime kwa rula mkono umeshuka kiasi gani. Huo ni mzigo zaidi ya maradufu ya nguvu kamili ya mota. Ufito mzuri hushuka milimita 2 hivi. Ukishuka milimita 5, ama bolti zimelegea ama mbao haifai, na ni heri ujue hilo ukiwa mezani.

Mtetemo una chanzo cha pili ambacho watu hukisahau. Droni hii ikisimama hewani, propela huzunguka mara elfu 4 na zaidi kwa dakika, yaani kama mara 70 kwa sekunde. Mkono nao una kasi yake ya kutetema, na kasi hizo mbili zikikutana fremu yote huvuma kwa sauti nzito kwenye kiwango fulani cha nguvu, kisha hutulia ukizidisha au kupunguza. Hilo si jambo la kurekebisha kwa programu. Gundisha kipande cha mbao cha unene wa milimita 3 chini ya kila mkono kwa urefu wake wote, na hapo bolti za milimita 25 uzibadilishe kwa ndefu zaidi. Kimo kikitoka milimita 12 hadi 15 ukakamavu wa kwenda juu na chini karibu unaongezeka maradufu, kwa nyongeza ya gramu 4 kwa kila mkono. Halafu sawazisha propela: ichomeke kwenye kijiti chembamba laini, uone bawa lipi linashuka, na bandika utepe wa plastiki kwenye bawa jepesi hadi isimame mlalo yenyewe. Wanaotumia ArduPilot, programu ya bodi ya kuongozea, wataona mtetemo kwenye kumbukumbu za safari: chini ya mita 30 kwa sekunde mraba panavumilika, juu ya 60 ni matatizo karibu kila mara.

Bodi yenyewe ibandikwe kwa vipande vinne vidogo vya sponji yenye gundi pande mbili, kimoja kila pembe. Ukiibandika kwa kipande kimoja kikubwa, sponji haipati nafasi ya kubonyea na mtetemo hupita. Nyaya zinazoingia kwenye bodi ziwe laini na zilegee. Waya mgumu uliovutwa huleta mtetemo kwa mlango wa nyuma. Kama bodi ina kipima kanieneo cha hewa, kifunike kwa sponji yenye vinyweleo, kwani upepo wa propela ukikigusa droni hupanda na kushuka bila kuamriwa. Kibakuli chepesi cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kikigeuzwa juu chini, hufaa sana kuwa kifuniko cha vyote.

Betri ifungwe kwa mkanda wa velkro, na chini yake kipande cha mpira kisichoteleza. Isogeze mbele au nyuma hadi droni ikining'inizwa kwa uzi kutoka kitovu itulie mlalo. Kata ncha za kamba za plastiki za kufungia nyaya zikaribiane na kifundo, na hakikisha hakuna ncha ya bolti inayoelekea kwenye betri. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto.

Miguu haihitaji maneno mengi: pete nne za milimita 20 zilizokatwa kwenye bomba la PVC na kufungwa kwa kamba za plastiki chini ya mota zinatosha. Hapo ndipo bomba lile linapofaa, kwa kuwa hunepa na kurudi.

Nyaya za mota ni tatu, na mota ikizunguka kinyume badilisha mbili zozote. Kwenye ArduPilot, mota namba 1 ni ya mbele kulia na namba 2 ya nyuma kushoto, zote mbili huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Namba 3 ni ya mbele kushoto na namba 4 ya nyuma kulia, hizo hufuata mshale wa saa. Majaribio haya yote yafanyike bila propela. Propela ya inchi 10 hukata kidole, kwa hiyo hufungwa mwisho kabisa, uwanjani. Usiishike droni mkononi ikiwa imewashwa, hata kwa sekunde. Sheria za anga za nchi yako zisome kabla ya siku hiyo; nchi nyingi zinataka usajili au kibali, na Marekani, kwa mfano, inataka droni za gramu 250 na zaidi zisajiliwe hata zikirushwa kwa kujifurahisha. Yetu ina gramu 860.

Safari ya kwanza iwe ya dakika moja, kimo cha goti, kwenye nyasi pasipo na watu. Tua, kaza bolti zote, kwa sababu mbao hubonyea chini ya washa na nati hulegea hata zile zenye pete ya plastiki. Rudia kukaza baada ya safari ya pili na ya tatu. Baada ya hapo mbao huwa imetulia. Pitisha ukucha kwenye kila mkono kuanzia ukingo wa sahani, upande wa juu na wa chini, ukitafuta ufa. Betri itue ikiwa na angalau volti 3.5 kwa kila seli, na kama hutaruka tena wiki hiyo, ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8.

Ni sisi wasomaji wenu,
Waundaji wa droni